SILAHA ILIYOFICHWA NYUMBANI SI ULINZI

Khutba ya Ijumaa, Uvira. Ukishaisoma karatasi hii mpe jirani yako. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa sokoni, kwa kuwa ndani yake mna jina la Allah (s.w.).

KHUTBA YA KWANZA

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu waumini, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha nafsi zenu, tumche Allah (s.w.) kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mtaa wa mji huu unalijua, lakini wachache wanalitaja kwa jina lake. Jambo hilo ni bunduki. Hatusemi bunduki ya askari aliye zamu. Tunasema ile iliyo chini ya kitanda, iliyozikwa nyuma ya choo, iliyofungwa ndani ya gunia na kuwekwa juu ya dari, ambayo mwenyewe anasema: "Hii ni kwa ajili ya kulinda watoto wangu."

Ndugu zangu, mji wetu uko mpakani. Ukivuka Kavimvira umeingia Burundi, na mbele kidogo ni Gatumba na Bujumbura. Ziwa nalo ni barabara: mtumbwi unaotoka Kalundu unaweza kwenda Baraka, Kalemie, Rumonge au Kigoma. Mpaka huo ni riziki yetu. Ndagala, mchele wa bonde la Ruzizi, vitenge na sabuni, vyote vinapita hapo. Lakini kila vita vilivyopita hapa vimeacha chuma nyuma yake. Mwaka 1964 waasi waliuchukua Uvira. Oktoba 1996 majeshi ya AFDL yakaingia, na askari wa Zaire wakakimbia. Agosti 1998 vita vikaanza upya. Tarehe 10 Desemba 2025 M23 wakauingia mji, na Januari 2026 wakatoka. Jeshi linalokimbia huacha silaha njiani, na silaha iliyoachwa haikosi wa kuiokota. Bukavu, Februari 2025, hata watoto waliokota bunduki zilizoachwa kambini, wakawa wanatembea nazo mitaani.

Basi watu wanauliza, na swali lao ni la haki: "Shehe, majambazi wanakuja usiku na kalashnikov. Polisi tukiwapigia simu hawana gari, au wana gari bila mafuta. Je, dini inatutaka tulale tukingoja kuuawa?"

Hapana, wallahi. Dini yetu haikumwamrisha mtu kujitoa kwa mwizi kama mbuzi wa kuchinjwa. Lakini dini imeweka utaratibu, na tuusikilize vizuri. Imepokewa na Imamu An-Nasai kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza afanye nini akijiwa na mtu anayetaka kumnyang'anya mali yake. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwanza amkumbushe mtu huyo juu ya Mwenyezi Mungu. Asipokumbuka? Aombe msaada kwa Waislamu walio karibu naye. Na kama hawapo? Aombe msaada kwa mtawala. Na kama mtawala yuko mbali? Hapo ndipo apigane kuitetea mali yake, na akifa atakuwa miongoni mwa mashahidi wa Akhera.

Hesabuni, ndugu zangu. Hatua ni nne: kukumbusha, majirani, utawala, kisha kujitetea. Na sisi leo tumeanza na hatua ya nne. Tumeziruka tatu za mwanzo, tukanunua bunduki, tukasema tumefuata Sunna.

Tuziangalie hatua hizi moja moja.

Hatua ya kwanza ni kukumbusha. Mnadhani majambazi wanatoka wapi? Wengine wanatoka mbali, ni kweli. Lakini yule anayewaonyesha mlango wa mfanyabiashara, anayewaambia leo ameuza mchele na fedha ziko ndani, huyo anatoka katika avenyu yetu. Ana mama. Ana mjomba. Amekula katika sahani zetu. Kijana akianza kurudi alfajiri na simu tatu mfukoni, nani anamwuliza? Baba ananyamaza kwa sababu kijana ameleta franga za unga. Mama anaficha kwa sababu anaogopa aibu. Mzee, aibu ya kumwuliza mwanao leo ni ndogo kuliko aibu ya kumzika kesho, au ya kuzikwa kwa jirani aliyeuawa naye.

Hatua ya pili ni majirani. Hapa Uvira Waislamu ni wachache, na jirani yako wa ukutani huenda anasali kwa Wakatoliki, au Wametodisti, au Wapentekoste. Huyo ni jirani yako, na haki ya jirani haiangalii anasali wapi. Mwizi akiingia kwake, ni kwako ameingia. Tunajua katika miji yetu ya mashariki watu wameshawahi kuwafukuza wezi kwa kupiga sufuria na mabati, mtaa mzima kwa wakati mmoja, bila risasi hata moja. Mwizi wa usiku anaogopa kujulikana kuliko anavyoogopa bunduki. Basi jiulize: una namba za simu za nyumba kumi zinazokuzunguka? Shefu wa mtaa anajua nani amepanga chumba cha nyuma kwako? Mkisikia kelele mnatoka, au kila mtu anazima taa na kusema "si kwangu"?

Na katika hatua hii kuna hatari kubwa. Ulinzi wa majirani usigeuke kuwa ulinzi wa kabila. Siku tunapoanza kusema kwamba mwizi ni Mfuliru, au ni Mrundi, au ni Munyamulenge, au ni Mbembe, tumeacha kutafuta mwizi, tumeanza kutafuta vita. Mwizi ana jina lake na jina la baba yake. Hana kabila la kulipia. Mmesahau Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014? Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Na ng'ambo ya mpaka, Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi yao. Ndugu zangu, damu hiyo haijakauka mbele ya Allah. Katika Suratul Maida, baada ya kisa cha watoto wawili wa Adam, tumefundishwa kwamba kuua nafsi moja bila haki ni sawa na kuwaua watu wote. Hapo haikutajwa nafsi ya Mwislamu peke yake, wala ya kabila moja.

Hatua ya tatu ni utawala. Najua mnachokisema moyoni: "Polisi wenyewe wanatuomba fedha." Wapo wanaoomba, na dhambi hiyo ni yao. Lakini na sisi tunao upande wetu. Mwizi akikamatwa, nani anakwenda kutoa ushahidi? Tunaogopa, au tunapokea franga za familia yake tunasema yamekwisha. Akiachiwa baada ya siku tatu tunalaumu polisi. Mwingine akikamatwa, vijana wanamvisha matairi na kumchoma barabarani. Ndugu zangu, huko si kuhukumu. Huko ni kuua. Wangapi wamechomwa kwa kelele ya "mwizi!" iliyopigwa na mdeni wao au mwenye wivu nao? Mkamateni, msimpige, mpelekeni, na muende watu kumi pamoja mkatoe ushahidi. Shahidi mmoja anatishwa. Mashahidi kumi hawatishiki kwa urahisi.

Nimesema haya, na ninamwomba Allah (s.w.) atusamehe sisi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu wa mwisho.

Ndugu zangu, imebaki hatua ya nne, kujitetea. Mtu anaweza kusema: "Basi bunduki yangu ni ya hatua hiyo." Tumjibu kwa upole.

Silaha yenyewe si haramu kwa kuwa ni chuma. Mtume (s.a.w.) alikuwa na upanga. Usiku mmoja watu wa Madina walishtuka kwa sauti, wakatoka kuifuata, wakamkuta Mtume (s.a.w.) anarudi, amekwisha kutangulia peke yake juu ya farasi wa Abu Talha, upanga uko shingoni mwake, akiwatuliza wasiogope. Upanga huo ulikuwa shingoni, watu wote wanauona, na mwenye kuubeba wote wanamjua. Haukuwa umezikwa nyuma ya choo. Na huyo huyo Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha hata kwa mzaha, akakataza kumkabidhi mtu upanga uliochomolewa alani, na aliamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa upande wa ncha zake, isije ikamdhuru mtu. Mshale wa wakati ule ulikuwa unamfikia mtu mmoja. Je, kuhusu kalashnikov yenye risasi 30 mikononi mwa mlevi, nani atasema haina hukumu?

Bunduki iliyofichwa ina madhara manne, na kila mmoja aiangalie nyumba yake.

Kwanza, mtoto ataiona. Hakuna dari ambayo mtoto haifikii.

Pili, hasira itaiona. Ugomvi wa mke na mume, wa mipaka ya shamba, wa ng'ombe walioingia katika mihogo, zamani uliishia kwa fimbo na kwa wazee. Leo unaishia kaburini.

Tatu, majambazi wataijua. Siri ya bunduki haikai. Wao bunduki ndiyo kitendea kazi chao, na watakuja kwako kwa sababu unayo.

Nne, sheria itakukuta. Nchi yetu ina sheria ya silaha tangu tarehe 3 Septemba 1985, nayo inakataza mtu kuwa na bunduki bila kibali cha serikali. Na raia akikutwa na silaha ya vita anapelekwa mahakama ya kijeshi. Watoto uliosema unawalinda watakuletea chakula gerezani.

Sasa ninasema na kila kundi kwa jina lake.

Ewe mwenye kukodisha bunduki kwa usiku mmoja: fedha uliyopokea ni bei ya nafsi ya mtu. Usiseme "mimi sikwenda." Wewe ulipeleka mkono wako, ukabaki nyumbani na mwili wako.

Ewe mwenye kupitisha risasi mpakani ndani ya gunia la dagaa au chini ya mbao za mtumbwi: sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alichukia kuuza silaha wakati wa fitina. Na hapa kwetu, fitina imekatika lini?

Ewe mnunuzi wa vitu vya bei rahisi: moteri ya mtumbwi inayouzwa usiku, nyavu zisizo na mwenyewe, pikipiki isiyo na karatasi, ng'ombe anayechinjwa alfajiri haraka haraka. Kama hakuna mnunuzi, hakuna mwizi. Mvuvi aliyenyang'anywa moteri yake ziwani ana watoto, nao wamelala na njaa kwa sababu ya bei yako nzuri.

Ewe askari, ewe polisi, mnaosali nasi: bunduki mliyonayo ni amana ya watu. Mshahara ukichelewa, dai kwa waliokuajiri. Usimdai mama wa ndizi kwenye bariera. Kumtisha mtu ni haramu, hata kama hukuchukua kitu.

Ewe kijana uliyeshika silaha ukisema unalinda kijiji: huenda nia yako ilikuwa njema. Lakini mwenye kutaka kulinda nchi ana mlango unaojulikana, jeshi, au jeshi la akiba lililowekwa kwa sheria mwaka 2023, ambako mtu ana jina lake katika daftari na mkubwa wa kumwuliza. Bunduki isiyo na daftari, leo inalinda ng'ombe wa baba yako, kesho inakula ng'ombe wa jirani.

Alikuwapo sahaba mmoja, Uhban bin Swayfi (r.a.). Waislamu walipogawanyika, akaitwa atoke kupigana. Akajibu kwamba Mtume (s.a.w.) alimwusia akiona watu wamefarakana ajifanyie upanga wa mti, nao anao. Hakuwa mwoga. Alijua kwamba katika fitina, mwenye silaha hawezi kuchagua atakayeuawa nayo.

Na kwa yule ambaye bunduki iko kwake sasa hivi, ananisikia na moyo wake unadunda: usiilete hapa msikitini. Msikiti hautakuwa ghala. Usiibebe usiku kuipeleka popote, utauawa njiani ukidhaniwa jambazi. Wala usiitupe ziwani au mtoni kwa kuokotwa na mwingine. Njoo wewe, mikono mitupu, baada ya sala yoyote. Tutakaa na wazee, tutamwita shefu wa mtaa, tutakwenda pamoja kwa wakuu mchana kweupe, na silaha itachukuliwa mbele ya mashahidi na kuandikwa. Hutakwenda peke yako. Hiyo ni ahadi ya wazee wa msikiti huu mbele ya Allah.

Ewe Mola wetu, uulinde mji wa Uvira na ufuko wake wote, kuanzia Ruzizi hadi Fizi. Uwarehemu waliouawa, wanaojulikana na wasiojulikana. Uwape subira wajane na mayatima. Uwaongoze vijana wetu wauache mtutu washike jembe, nyavu na kitabu. Uwape viongozi wetu uadilifu, na askari wetu haki yao, wasipate kisingizio cha kutudhulumu. Utujaalie jirani mwema, na utujaalie sisi kuwa majirani wema. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Simameni kwa sala, nyoosheni safu.