Kosa la Mkono na Kosa la Aibu

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini zile picha za zamani za vigango, tulizoahidi kuzitoa katika gazeti hili, hazikuonekana kwa majuma matatu mfululizo. Twawiwa nanyi jibu. Tena yupo kijana mmoja wa ofisi yetu ambaye sifa yake ilichafuliwa kwa ajili yetu, na kwa kuwa uvumi ule ulifika mbali kuliko mlango wa ofisi, haitoshi tumwombe radhi chumbani.

Picha hizo zilikuwa katika diski ya nje, kile kisanduku kidogo cha kuhifadhia mambo ya kompyuta ambacho vijana hukiita eksteno. Mlikuwamo kazi ya miaka 11: sherehe za upadrisho, mazishi ya makatekista, ziara za Askofu katika vigango vya mbali, na pamoja na hayo picha za kurasa za vitabu vya ubatizo vya kale, tulizopiga ukurasa kwa ukurasa kwa sababu mchwa walikwisha kuvianza vitabu vyenyewe. Ijumaa moja jioni tulitaka kusafisha flashi ya wanakwaya. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimechomekwa kwa wakati mmoja, na katika kioo cha kompyuta vilitofautiana kwa herufi moja tu. Tukachagua kisicho chenyewe. Kompyuta ikaonya kwamba kila kitu kitafutwa, nasi tukakubali upesi, kama mtu aitikiaye Amina kabla sala haijamalizika. Kufumba na kufumbua, diski ya miaka 11 ikaonekana tupu.

Yafaa tueleze hapa jambo ambalo jioni ile hatukulijua vema. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko kompyuta nyingi hutangulia kukupendekeza, hakufuti yaliyomo. Fikirini kitabu cha ubatizo chenye orodha ya majina mwishoni. Mtu aking'oa orodha ile na kubandika nyingine nyeupe, kurasa zote zingalipo, ila atakayetazama orodha atadhani kitabu hakijaandikwa bado. Ndiyo maana kazi ile huchukua sekunde chache tu. Kufomati kamili ni jambo jingine: tangu Windows Vista iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2007, kompyuta za namna hiyo huandika sufuri diski nzima, na diski kubwa huchukua saa nyingi. Kwetu ilikuwa ni ile ya haraka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini maji yetu yalikuwa mtungini bado. Hatari ilikuwa moja: kwa kuwa orodha mpya husema mahali pote pa wazi, chochote kitakachoandikwa baadaye chaweza kuangukia juu ya kurasa za zamani, na kilichoandikiwa juu hakirudi. Hakuna programu iwezayo kukirudisha, hata muuzaji wake aseme nini.

Laiti tungaliichomoa diski ile papo hapo na kwenda kumwambia mtu! Hatukufanya hivyo. Tuliona haya. Tulijua kwamba Jumamosi asubuhi karani wetu, mama mwangalifu sana, angeifungua na kuikuta tupu, akauliza. Basi tukakesha tukiijaza. Tulichukua picha za miezi ya karibuni zilizokuwa bado katika kompyuta, na filamu tatu ndefu za upadrisho, tukazimwaga zote ndani, ili diski ionekane imeshiba. Tukaenda kulala tukijiambia kwamba mengine tutayatafuta polepole, bila mtu kujua.

Karani hakudanganyika hata dakika tano. Alimwita kijana anayetusaidia kazi za kompyuta, akamwuliza kwa upole, “Mwanangu, uliigusa diski hii?” Kijana akajibu, “Hapana, mama.” Naye kwa kuwa ndiye pekee ajuaye mambo hayo, watu wakaanza kumtazama. Sisi tulikuwa chumba cha pili, mlango wazi, twasikia. Tukanyamaza. Jumapili iliyofuata tulipanda mimbarini tukahubiri juu ya ukweli (somo la siku ile ndilo lililotaka hivyo, hatukulichagua), tukashuka, tukanyamaza tena. Siku nne zikapita hivyo.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli imeandikwa habari ya mfalme Daudi na mke wa Uria. Mara nyingi twaisoma kana kwamba ubaya wote ulikuwa katika ile jioni ya kwanza juu ya dari ya nyumba. Lakini tazameni kurasa zinazofuata. Daudi alipojua kwamba yule mwanamke ana mimba, alimwita Uria kutoka vitani ili aende kulala nyumbani kwake na jambo lifunikwe. Uria hakwenda. Akamlewesha, wala hapo hakwenda. Ndipo ikaandikwa barua kwa Yoabu, na aliyeichukua barua ya kifo ni Uria mwenyewe. Tamaa ilimfanya Daudi mzinzi. Kujificha ndiko kulikomfanya mwuaji. Kosa letu ni dogo mno mbele ya lile, twakiri, wala hatutaki kujilinganisha na mfalme. Hata hivyo njia ilikuwa ileile. Kosa la mkono lilificha picha tu. Kosa la aibu ndilo lililoziua, na tena lilimtwika mtoto wa watu mzigo usio wake.

Siku ya tano tulimwita kijana na karani pamoja, tukasema. Karani alilia kidogo, kisha akatukemea, na tulistahili. Kijana hakutukemea. Aliuliza neno moja tu: “Padre, tangu siku ile umeandika chochote juu yake?” Tumeketi miaka kadhaa katika kiti cha kitubio, tumewauliza watu maswali mengi, hatukumbuki swali lililotupata kama lile. Tukamweleza habari ya filamu tatu. Akanyamaza, akasema, “Hata mimi ningeogopa kusema.” Kisha akaanza kazi.

Kwanza alikataza diski isiguswe tena, wala programu yoyote isiwekwe ndani yake. Akaazima diski nyingine kubwa zaidi, akanakili ile ya kwanza yote kama ilivyo, pamoja na sehemu zilizosemwa kuwa ni tupu, akafanya kazi juu ya nakala. Alitumia programu ziitwazo TestDisk na PhotoRec, za Mfaransa Christophe Grenier, ambazo hutolewa bure. Ile ya pili haijali orodha iliyopotea. Yapita diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta zile alama ambazo picha huanza nazo, kwa kuwa kila picha ya aina ya JPEG huanza kwa alama zilezile, nayo ikiziona huichukua picha iliyofuata. Usiku mmoja na mchana wake zikatoka picha maelfu. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingine nusu, uso wa juu waonekana na chini yake kijivu kitupu. Hizo nusu ndizo zilizoangukiwa na filamu zetu.

Tuseme pia, kwa ajili ya wenzetu wa maparokia wanaoweza kupatwa, kwamba diski yetu ilikuwa ya zamani, yenye sahani inayozunguka. Katika zile mpya za chipu, ziitwazo SSD, kufomati kwaweza kuziamuru chipu zijisafishe zenyewe, na hapo tumaini ni dogo. Nayo diski inayogonga-gonga kwa sauti izimwe mara moja, ipelekwe kwa fundi mwenye vyombo. Si ya kujaribiwa nyumbani.

Picha zilirudi bila majina, kila moja na namba tu. Nyingi zilikuwa na tarehe iliyoandikwa ndani na kamera, tukazipanga kwa miaka. Lakini ni nani huyu mwenye kanzu, na kigango hiki ni kipi? Yule mwanamke wa Injili ya Luka aliyepoteza shilingi moja katika kumi aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii, na alipoiona akawaita rafiki na jirani zake wafurahi pamoja naye. Hatukuwa tumefikiri kwamba ili kuwaita ilimpasa akiri mbele yao kuwa alikuwa ameipoteza. Sisi tuliwaita wazee baada ya Misa. Waliketi mbele ya kioo hadi adhuhuri, wakitaja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine, na bibi mmoja aliiona picha ya mumewe akiwa amebeba msalaba wa maandamano, ambayo hakupata kuiona maishani.

Yasiyorudi ni haya: kurasa za kitabu kimoja cha ubatizo, ambacho karatasi zake mchwa wamekwisha kuzimaliza. Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba ubatizo waweza kuthibitishwa na shahidi mmoja anayeaminika kabisa, ikiwa hakuna atakayedhurika, au kwa kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Orodha ya vigango vinavyohusika imebandikwa katika makanisa yote. Waliobatizwa huko waje ofisini Jumamosi yoyote, wakiwa na wasimamizi wao au wazazi, maana wengi wa mashahidi hao ni wazee sana.

Na kijana wetu hakuigusa diski ile. Tuliifuta sisi, tukamwacha atazamwe vibaya siku nne, nasi twamwomba radhi mbele yenu nyote. Jina lake halitajwi hapa kwa ombi lake. Sasa kila mwisho wa juma yeye na karani hunakili kazi yote katika diski mbili, moja hulala ofisini na nyingine katika nyumba nyingine kabisa. Picha zipatazo 200 zisizo na majina zimebandikwa ukutani nje ya ofisi, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba.