Shaka Ni Mzigo wa Nani?

Jioni moja ya Januari 2020, mzee mmoja aliilaza kalamu mezani akakataa kutia sahihi fomu ambayo ingeweza kumletea malimbikizo ya miaka kumi na minne kwa mkupuo mmoja. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Ndani nilikuwa nimeshampima sukari na kukagua nyayo zake kidole kwa kidole, maana kidonda kidogo kwa mwenye kisukari si mchezo. Wakenya wengi walioko Minnesota wanaijua kazi hiyo. Unawatunza wazee wa watu, na wa kwako umewaacha nyumbani.

Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniuliza maana yake, nikamweleza, akacheka. Akasema mle melini aliitwa majina mengi ila hakuna hata moja lililokuwa na heshima kiasi hicho. Alikuwa baharia wa jeshi la Marekani, na mwaka wa 1969 meli yake ilikuwa ikizunguka pwani ya Vietnam ikipiga mizinga kuelekea nchi kavu.

"Sitaki kuchukua kitu ambacho si changu," aliniambia jioni ile. "Nimekula keki na soda tangu nirudi vitani. Baba yangu alikuwa na sukari, na Vietnam hakuijua hata kwenye ramani. Sasa mimi nitie sahihi kwamba ni ile dawa?"

Sikuwa na jibu. Nilikunja fomu nikaiweka juu ya friji, nikampa chakula. Lakini swali lake nililibeba hadi kwangu, na bado ninalo. Mtu anayedai fidia kwa ugonjwa ambao hana hakika umetoka wapi, je, anasema uongo?

Tuanze na dawa yenyewe. Kati ya mwaka wa 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa ya kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya kusini mwa Vietnam. Lengo lilikuwa kupukutisha majani ili adui akose pa kujificha, na kuharibu mazao ili akose chakula. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Vita hivi vilizilenga nyasi zenyewe. Dawa iliyotumika zaidi ililetwa ndani ya mapipa yenye mstari wa rangi ya machungwa, na kutokana na mstari huo ikaitwa Agent Orange. Ndani yake mlikuwa na sumu ambayo hakuna aliyeikusudia, dayoksini, iliyojitokeza viwandani wakati wa kutengeneza dawa hiyo. Sumu hii haina haraka. Hujificha katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, na ugonjwa ukija, unakuja na sura ya magonjwa ya kawaida: saratani ya tezi dume, kisukari, moyo, Parkinson. Hauji na mstari wa rangi ya machungwa.

Hapo ndipo penye fundo. Kanuni ya mahakamani, na hata ya barazani kwetu, ni kwamba anayedai ndiye athibitishe. Ukisema jirani kakuibia mbuzi, mlete shahidi. Ni kanuni nzuri, na bila hiyo kila mtu angekuwa mwizi kwa maneno ya mwenzake. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba mdai anaweza kuupata ushahidi. Baharia wa miaka ishirini angeupata wapi? Mwaka wa 1969 hakuna aliyempima damu. Hakuambiwa kilichokuwa ndani ya mapipa, na njia za ndege na viwango vya dawa vilikuwa kwenye faili za jeshi, si kwenye begi lake. Miaka hamsini baadaye, hata ukiipima damu yake leo, itakuambia machache sana kuhusu maji aliyokunywa akiwa kijana.

Waliojaribu njia ya mahakama waligonga ukuta huohuo. Askari wa Marekani haruhusiwi kuishtaki serikali yake kwa madhara aliyopata akiwa kazini, kwa hiyo wakayashtaki makampuni yaliyotengeneza dawa. Mwaka wa 1984 makampuni yalikubali kulipa dola milioni 180, na kesi ikaisha bila yeyote kukiri kosa. Ukizigawa kwa maelfu kwa maelfu ya waliodai, si pesa za kujivunia. Wachache waliokataa mapatano na kutaka kuendelea na kesi walishindwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba saratani yake yeye, katika mwili wake yeye, ilitokana na dawa ile.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya mwaka wa 1991. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya sheria zenye busara zaidi ambazo nchi ile imewahi kujitungia, na busara yake iko katika kile isichouliza. Haimuulizi mgonjwa, "Thibitisha ni dawa iliyokuumiza." Inamuuliza mambo mawili tu: Je, ulihudumu Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975? Je, una mojawapo ya magonjwa yaliyo kwenye orodha? Ukiwa na yote mawili, sheria inachukulia kwamba huduma yako ndiyo chanzo, na kinachobaki ni kupima ulemavu wako kwa asilimia, kumi kumi hadi mia. Orodha yenyewe hupanuliwa kadiri wanasayansi wanavyopitia utafiti. Kisukari cha aina ya pili kiliingia mwaka wa 2001. Presha imeingia mwaka wa 2022.

Yuko atakayesema: lakini hiyo si haki! Wamarekani wangapi wana kisukari na hawajawahi kushika bunduki? Kwa hakika, miongoni mwa wanaolipwa wamo ambao wangeugua tu, vita au bila vita. Hoja hii sitaikwepa, maana ndiyo hoja ya Mzee mwenyewe, na Mzee hakuwa mjinga.

Jibu langu ni hili. Panapokuwa na shaka isiyoweza kuondoka, makosa hayaepukiki. Kilichobaki ni kuchagua utakosea upande gani. Ukidai uthibitisho, utawanyima wengi walioumizwa kweli. Ukiiondoa ile lazima ya uthibitisho, utawalipa baadhi ambao hawakuumizwa. Kosa la pili linagharimu pesa za hazina. Kosa la kwanza mtu analilipa kwa mguu uliokatwa na kwa mke anayeuza nyumba ili anunue dawa. Tena makosa haya hayalingani kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: shaka yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Kuna aliyeitengeneza. Aliyemwaga dawa bila kupima, asiandike nani alikuwa chini yake, na asimwambie baharia anakunywa nini, huyo ndiye aliyezaa shaka hii. Aliyezaa ndiye alee.

Kuna mtu mmoja mkubwa aliyelielewa hilo kuliko wanasheria wengi. Admirali Elmer Zumwalt aliviongoza vikosi vya majini vya Marekani nchini Vietnam kuanzia mwaka wa 1968. Mashua zake zilikuwa zikishambuliwa kutoka vichakani kando ya mito, akaamuru kingo zinyunyiziwe dawa. Mwanawe, aliyekuwa na jina lilelile, alihudumu kwenye mashua hizohizo. Mwana alipata saratani, akafariki mwaka wa 1988 akiwa na miaka 42. Wawili hao waliandika kitabu pamoja kabla ya kifo hicho, na mwana hakumlaumu baba. Baba naye alisema wazi kwamba angetoa amri ileile tena, kwa kuwa aliamini iliokoa maisha ya mabaharia wengi. Hata hivyo, hakujificha nyuma ya "haijathibitishwa." Alitumia miaka yake ya uzeeni kuibana serikali iwalipe wagonjwa. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kuikumbatia shaka ili alale usingizi, ni yeye. Badala yake aliibeba.

Turudi kwa Mzee. Yeye alikuwa ameomba mara ya kwanza mwaka wa 2006, akiwa bado ana nguvu ya kukasirika. Akajibiwa kwa barua kwamba hastahili kwa sababu hakuikanyaga ardhi ya Vietnam. Alikuwa baharini tu. Kuanzia mwaka wa 2002 ndivyo sheria ilivyokuwa ikisomwa: mguu lazima uguse udongo. Kumbe mwaka huohuo wa 2002 utafiti wa Australia ulionyesha kwamba mitambo ya melini iliyogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa haikuichuja dayoksini. Ilivuka pamoja na mvuke, na maji safi yakatoka na sumu nyingi kuliko yalivyoingia. Mito iliisomba dawa hadi pwani, meli zikayavuta maji, mabaharia wakayanywa na kuyapikia kahawa. Ilichukua hadi 2019 kwa mahakama, kisha bunge, kukubali kwamba waliokuwa ndani ya takriban maili 12 za majini kutoka pwani nao wahesabiwe, na waliokataliwa zamani walipwe tangu siku ya ombi lao la kwanza. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Ndiyo maana fomu ilikuwa mezani mwezi ule.

Siku ya tatu niliishusha fomu kutoka juu ya friji. Nilikuwa nimeisoma yote usiku, polepole, na kamusi ya matibabu pembeni.

"Mzee," nikamwambia, "hebu nionyeshe mahali wanapokuuliza kama ni ile dawa."

Akavaa miwani. Akapekua. Akarudi mwanzo, akapekua tena.

"Hakuna."

"Wanakuuliza ulikuwa wapi. Unajua ulikuwa wapi?"

"Najua."

"Wanakuuliza unaumwa nini. Unajua unaumwa nini?"

Akaitazama miguu yake. "Nimeambiwa vya kutosha."

"Basi uongo uko wapi?"

Nadhani hilo ndilo jibu la swali lake, na sikulitoa kwenye kitabu cha falsafa. Ukweli unaodaiwa kwa mtu ni ule alio nao. Mzee angekuwa mwongo kama angeapa kwamba anajua asichokijua. Lakini kusema "nilikuwa pale, na naumwa hivi," kisha kuliacha pengo la katikati kwa yule aliyelichimba, huo ni ukweli mtupu. Wengi waaminifu hunyimwa haki zao kwa sababu wanadhani uaminifu ni kuzibeba hata shaka za wengine. Wasio waaminifu hawana tatizo hilo. Wao hutia sahihi upesi.

Alitia sahihi. Sikufurahi kama nilivyotarajia, na sababu ni alichosema baadaye nikimsaidia kuvaa soksi.

"Kulikuwa na wavuvi," alisema. "Asubuhi ungewaona kwenye mitumbwi yao, kati yetu na ufuko. Karibu kuliko sisi. Wengine walikuwa na watoto." Akanyamaza kidogo. "Wao wamejaza fomu gani?"

Hawakujaza yoyote. Mwaka wa 2004 Wavietnam walioathirika waliyashtaki makampuni yaleyale huko New York. Kesi ilifika mbele ya jaji yuleyule aliyesimamia mapatano ya 1984, na mwaka wa 2005 akaitupilia mbali. Alisema dawa ile haikuwa imekatazwa na sheria ya kimataifa wakati ilipotumika, tena hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba ndiyo iliyowaumiza. Rufaa ilikataliwa mwaka wa 2008, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu haikutaka kuisikiliza. Ni kweli Marekani imetoa pesa za kusafisha udongo wenye sumu katika uwanja wa ndege wa Da Nang na baadaye Bien Hoa, na za kuwasaidia watu wenye ulemavu. Lakini pesa hizo huitwa msaada. Haziitwi fidia, na tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti kati ya anayeomba na anayedai.

Angalia basi tulipofika. Dawa ni ileile, bahari ni ileile, ugonjwa ni uleule na shaka ya kisayansi ni ileile. Aliyekuwa melini anaambiwa, "Shaka ni yetu, wewe tuambie tu ulikuwa wapi." Aliyekuwa mtumbwini anaambiwa, "Thibitisha." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sayansi haikuwahi kuamua nani alipwe. Kilichoamua ni nani anayehesabiwa kuwa wetu.

Sisemi haya kuidunisha sheria ya 1991. Kosa lake si kwamba iliwapa askari kingi mno. Ilipata jibu sahihi, kisha ikaliwekea mpaka baharini, na ndani ya mpaka huohuo ikawaruka waliokuwa wamekaa karibu zaidi na ufuko.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya miezi kadhaa. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniomba niiweke juu ya friji, palepale fomu ilipokuwa. Kisha akanyoosha miguu nimkague nyayo.