Udhuru na Kisingizio

Yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni neno moja, nayo ni udhuru na kisingizio. Udhuru ni jambo limzuialo mtu kweli. Kisingizio ni jambo ambalo mtu amelishika ili lionekane kuwa limemzuia. Kwa nje hufanana sana, hata jirani hawezi kuyapambanua; na lililo la hatari zaidi, mwenyewe asemaye aghalabu hajui ni lipi alilo nalo kinywani. Basi mwezi huu tumeona vema kuuliza hivi: mtu aliyekusudia jambo jema, naye halifanyi, atajuaje kama amezuiliwa au amejizuia?

Wengi hudhani kwamba kisingizio ni uongo. Lakini uongo ni rahisi kuugundua, na mtu mwenye haya huuogopa. Kisingizio kidumucho hufanywa kwa jambo la kweli. Wasomaji wetu waukumbuka mfano wa karamu kuu katika Injili ya Luka, sura ya 14. Wa kwanza wa wale walioalikwa alikuwa amenunua shamba, wa pili jozi tano za ng'ombe, wa tatu ameoa. Hatuambiwi kwamba hata mmoja wao alisema uongo. Shamba lilikuwapo, ng'ombe walikuwapo, na mke alikuwapo. Lakini shamba halina miguu. Kesho yake lingalikuwa pale pale. Walilichukua jambo la kweli wakalipa kazi isiyo yake.

Nasi hatuandiki haya kama watu tulioepukana na kosa hili. Jirani yetu mmoja, bibi mjane, alitujia siku moja baada ya mavuno, akasema, "Mwalimu, mwanangu yuko mjini, naye huniletea habari kwa maandishi ya simu. Kila zijapo sina budi kumpelekea mtoto wa watu anisomee, na siri zangu zote zimefika kisimani. Nifundishe kusoma." Tukamwahidi kwa moyo mweupe kwamba tutafungua darasa la watu wazima wakati wa usiku, watu watokapo mashambani.

Tulikusudia kweli. Lakini tukasema, kwanza ipatikane taa. Ilikuwa kweli, taa haikuwapo. Baada ya miezi miwili ikapatikana taa ya nguvu za jua. Tukasema, masika yameingia, njia ni tope, wazee watateleza. Hilo nalo lilikuwa kweli. Masika yakaisha, tukasema, huu ni wakati wa mitihani ya watoto. Nayo ilikuwa kweli. Hivyo mwaka ukapita. Tulipokwenda kumwambia kwamba sasa tu tayari, tulimkuta barazani ameishika simu, akiisogeza mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akatukaribisha kwa upole, akasema, "Mwanangu, wewe umemaliza udhuru wako, sasa umeanza wangu."

Neno hilo halikututoka moyoni. Tulipolifikiri sana tuliona kwamba ziko alama mbili za kumsaidia mtu kujipima.

Alama ya kwanza ni hii: udhuru wa kweli ukiondolewa, mtu husimama siku ile ile, kisingizio kikiondolewa, huzaa ndugu yake. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Mwanzo wa mwaka 2004 mzee mmoja, Kimani Maruge, aliyehesabiwa kuwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyo, mjini Eldoret, akavaa kaptula na soksi ndefu kama watoto. Mlango ulipofunguliwa, aliingia. Kama angalitaka kisingizio kingine, angalikipata bila taabu: uzee, na aibu ya kuketi pamoja na watoto wa umri wa wajukuu zake. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalimtoa nyumbani kwake akaishi kambini, naye akazidi kwenda shuleni. Alikufa mwaka 2009, akiwa bado mwanafunzi. Sisi tulikuwa na taa mkononi tukaenda kutafuta mvua.

Alama ya pili imo moyoni, wala hakuna aionaye ila mwenyewe. Mtu aliyezuiliwa kweli huhuzunika; mwenye kisingizio hupumua. Mvua ya kwanza iliponyesha mwaka ule, tulisikia wepesi ndani yetu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Wakati huo hatukujiuliza maana yake. Leo twajua kwamba wepesi ule ulikuwa shahidi juu yetu.

Hata hivyo, tusichukue alama hizi tukaenda kuwapima jirani zetu. Mzazi asemaye kwamba hana fedha za sare ya mtoto, huenda hana kweli. Kabla ya mwaka 2003 karo iliwazuia watoto wengi wa maskini, nao hawakuwa wavivu. Kumwambia mwenye njaa kwamba anatafuta visingizio ni dhuluma, na mara nyingi hiyo yenyewe ni kisingizio chetu cha kutomsaidia. Kipimo hiki kila mtu na ajipime mwenyewe.

Tena tuliona jambo moja zaidi, nalo lahusu kusudi lenyewe. Sisi tulikuwa tumesema, tutafungua darasa. Lini, hatukusema, kwa watu wangapi, hatukusema. Kusudi lisilo na siku wala kiasi ni kama nyumba isiyo na mlango, na kila kisingizio huingia kitakavyo. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Aliyeazimia kulima hatua kumi leo hulima kwa jembe lililopo. Aliyeazimia kulima shamba kubwa siku moja hungojea jembe jipya.

Kwa hiyo tukakusudia upya, kwa udogo. Siku ni Jumatano, saa kumi, mahali ni chini ya mwembe, na wanafunzi ni wanne. Wasomaji wataona kwamba saa kumi jua lingali juu, na taa ile tuliyoingojea miezi miwili haina kazi. Yule bibi naye huja, huketi mbele kabisa, nasi twamwandikia ubaoni herufi kubwa kama kiganja. Amekwisha kulijua jina la mwanawe. Maandishi ya simu hawezi kuyaona, naye angali akimpelekea mtoto wa watu amsomee. Deni hilo ni letu, wala hatuoni njia ya kulilipa lote.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na jambo jema ulilokusudia ukaliweka, usijiulize kama ulilolisema ni kweli. Yamkini ni kweli. Jiulize hivi: likiondoka leo jioni, kesho asubuhi nitaamka nifanye nini?