Picha ni Deni

Katika mambo tuyatendayo kila siku pasipo kuyafikiri, mojawapo ni kupiga picha. Zamani chombo cha kupigia picha kilikuwa cha mgeni. Leo kimo katika simu ya katekista, ya mwanafunzi, na ya mama auzaye ndizi sokoni. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: Je, mtu apigapo picha ya jirani yake, ametoa kitu au ametwaa?

Swali hili lilitujia mazikoni. Mzee mmoja wa usharika wetu alikuwa amefariki, na picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho, imekuzwa hata macho yake yakawa kama moshi. Mjane akatuambia, "Hii ndiyo pekee tuliyo nayo." Usiku ule tukafungua simu yetu, na tazama, yule mzee alikuwamo, amesimama juu ya msingi wa darasa la watoto, ameshika mwiko wa kujengea, anacheka. Tuliipiga sisi wenyewe miaka mitatu kabla ya hapo. Tuliwapelekea wageni waliotusaidia mabati, wala hatukumpa mwenyewe. Tukaenda mjini kuichapisha, tukampelekea mjane. Akaitazama kitambo, akamwita mjukuu wake, akasema, "Huyu ndiye babu yako." Kisha akatugeukia: "Mlikuwa nayo tangu lini, mwalimu?" Tukamwambia kweli. Naye hakuongeza neno.

Wahenga husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ile tulifahamu ya kuwa uso wa mtu nao hukopwa.

Wala jambo hili si geni. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika miaka iliyofuata zilipigwa picha nyingi za watu, nyumba, shule na makanisa. Picha nyingi zilivuka bahari, ili wakristo wa Ujerumani waione kazi. Leo yeyote aweza kutazama nyingi za picha hizo kwa njia ya intaneti, katika hazina ya picha za misioni itunzwayo na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Hilo ni jema, nasi twashukuru. Lakini katika maelezo ya nyingi twasoma tu kabila la mtu au kazi yake, jina halimo. Uso umerudi, bali jina limepotea. Mjukuu aweza kumtazama bibi yake aliyemzaa mama yake, asijue kwamba ndiye.

Labda mtu atatujibu, "Picha yaweza kuwafaa watu hata isipofika mikononi mwao." Asemalo ni kweli. Mwaka 1904, huko Baringa katika Kongo, nchi iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtu aitwaye Nsala alifika misioni akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, akampiga picha akiwa ameketi, anavitazama viungo vya mtoto wake. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani, na watu waliokataa kuamini maneno wakaamini macho yao. Mwaka 1908 utawala wa Leopold juu ya Kongo ukakoma, serikali ya Ubelgiji ikaitwaa nchi. Hatusemi kwamba picha peke yake zilitenda hayo. Lakini zilikuwa mashahidi.

Basi tupambanue. Picha ya Nsala ilimnena Nsala: shauri lilikuwa lake, na jina lake likaandikwa. Sivyo ilivyo picha ya mama apokeaye mfuko wa unga, huku mtoaji ametabasamu kando yake. Picha hiyo humnena mtoaji. Mama alikuja kutafuta chakula, akaondoka amelipa kwa uso wake, na majirani wote wameona uhitaji wake. Je, hicho bado ni kipawa? Sisi twaona ni biashara, tena ya bei ghali kwa maskini.

Iko njia iliyo njema zaidi. Mwaka 2008 mpiga picha mmoja wa Nashville, Marekani, jina lake Jeremy Cowart, alianzisha kazi iitwayo Help-Portrait. Wapiga picha huwaita watu wasioweza kulipia picha, huwapiga kwa uangalifu, huzichapisha picha, na kuwakabidhi wenyewe. Kazi yao haiishi mtu anapopigwa picha, bali huisha anapoishika mkononi mwake.

Jambo hili laweza kutendeka katika usharika wowote. Jumapili moja baada ya ibada, wekeni kiti karibu na mlango, mahali penye mwanga usio mkali. Wazee na waje na nguo wazitakazo wenyewe. Mwombeni kila mtu ruhusa, naye akikataa, mwacheni kwa heshima. Andikeni jina lake lote, kijiji chake na mwaka. Changeni fedha za kuchapisha, kisha mpelekeeni picha nyumbani kwake. Na picha ikitakiwa kwenda kwingine, aulizwe kwanza yeye.

Kupiga picha, basi, ni kutwaa. Kuirudisha ndiko kutoa. Ndugu, usiku wa leo fungueni simu zenu, mtazame ni nyuso za nani mlizonazo. Huenda wengi wao wangali hai, na deni laweza kulipwa kabla ya matanga.