Bima Tatu za Mama Sare

Muulize mwenye biashara ndogo kama ana bima, na mara nyingi atakujibu "ninayo" bila kusita. Hadanganyi. Gari lake lina stika, mkopo wake una bima, na tenda aliyoipata mwaka juzi ilidai hati ya bima akaipeleka. Kisa hiki kinamhusu mtu wa aina hiyo, mwenye bima hasa, si asiye nayo. Mhusika ni wa kutungwa. Tumwite Mama Sare. Masharti yaliyomkuta si ya kutungwa. Ni ya kawaida kwenye hati za bima zilizolala kwenye mafaili na droo za watu.

Mama Sare alishona sare za shule kwenye fremu moja katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam. Alikuwa na cherehani nane, mafundi sita na kirikuu ya kupelekea mzigo mashuleni. Kuanzia Februari hadi Septemba fremu ilikuwa na nafasi ya mtu kupita na kikombe chake cha chai. Ikifika Novemba, majora ya bluu ya giza na ya kitambaa cheupe yalipandana hadi dari, kwa sababu shule hufunguliwa Januari na kila mzazi anataka sare wiki ileile.

Bima ya kwanza ilikuwa ya kirikuu, ile ambayo watu huiita bima ndogo, inayolipa madhara utakayowasababishia wengine barabarani. Aliikata kwa sababu trafiki huangalia stika. Ya pili na ya tatu zilikuja pamoja na mkopo wa shilingi milioni 20: moja ya moto, nyingine ya kulipa deni iwapo mkopaji atafariki. Siku ya kusaini, afisa mikopo alimsogezea karatasi.

"Mama, weka saini hapa na hapa. Hii ni ya bima, tunaikata humohumo kwenye mkopo."

"Inalinda nini, mwanangu?"

"Moto, mama. Duka likiungua, ondoa shaka."

Akasaini. Hati ikabaki kwenye faili la benki, naye hakuitia machoni. Jioni alimweleza shemeji yake, mchora ramani za majengo aliyejiajiri, kwamba sasa analala usingizi, ana bima tatu. Shemeji akacheka. Yeye anayo moja tu, alisema, ile iliyotakiwa kwenye tenda ya serikali, na inamtosha.

Moto ulizuka usiku mmoja wa Januari, zikiwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe. Ulianzia fremu ya jirani, muuza vifaa vya simu, ukapita juu ya dari la pamoja. Sehemu ya mbele kwa Mama Sare, yenye majora na sare zilizokwisha kukunjwa, iliteketea. Cherehani za nyuma zilinusurika zikiwa na masizi na maji ya zimamoto. Jirani hakuwa na bima wala mali ya kumlipia mtu.

Kampuni ya bima ilimtuma mkadiria hasara, kijana mpole mwenye tochi na kishikwambi. Alimkuta Mama Sare anafagia.

"Pole sana, mama. Naomba usitupe chochote kwanza."

Akachuchumaa kwenye majivu na kuanza kuhesabu mabomba ya karatasi ngumu, yale yanayobaki katikati ya jora kitambaa kikishaungua. Alipomaliza akauliza kuhusu sare zilizokuwa tayari.

"Hizo nauza elfu kumi na nane, seti moja."

"Mpaka inakamilika inakugharimu ngapi?"

"Kama elfu kumi na moja."

"Basi naandika kumi na moja, mama. Bima inakurudishia ulichopoteza, faida ambayo hujaipata haimo."

Yakaja majora ya shule moja ya binafsi, iliyoleta kitambaa chake ili ashonewe. Kijana akatikisa kichwa. Hati ilitaja mali ya Mama Sare. Mali ya wateja iliyo mikononi mwake ilipaswa kuandikwa, na haikuandikwa. Kisha akaomba daftari la mzigo.

"Lilikuwa kwenye droo ya kaunta," Mama Sare akajibu, na wote wawili wakaangalia palipokuwa kaunta.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwa limeungua pamoja na mali. Kilichomsaidia ni taarifa ya akaunti ya benki, jumbe za malipo kwenye simu na risiti za mashine za EFD, ambazo nakala zake alizifuata kwa wauzaji wa jumla. Hata hapo palikuwa na pengo. Kwa wauzaji wawili alikuwa amezoea kupokea risiti iliyoandikwa bei pungufu, na sasa risiti ileile ikawa ushahidi dhidi yake.

Hesabu ilipokamilika ilisomeka hivi. Mali yake yote iliyokuwa kwenye fremu usiku ule ilikuwa na thamani ya milioni 80. Iliyoungua, na kuthibitishwa, ni milioni 48. Bima ilikuwa ya milioni 20, na Mama Sare alishajifariji kwamba angalau atapata hizo 20. Hakuzipata. Hati za bima ya moto kwa kawaida huwa na kipengele cha wastani: ukikatia bima robo tu ya mali yako, robo tatu iliyobaki unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe, na hasara yoyote mnagawana na kampuni kwa uwiano huohuo. Milioni 20 ni robo ya 80. Kampuni ikakubali robo ya 48, yaani milioni 12. Ikaondoa asilimia 10 ambayo hati ilisema mteja atabeba, ikabaki milioni 10 na laki nane. Hati pia ilitaja benki kuwa mlipwaji wa kwanza, na deni lilikuwa limebaki milioni 9. Mama Sare akapokea milioni 1 na laki nane.

Hakuna aliyemwibia. Bima zote tatu zilifanya kazi iliyokusudiwa. Ya moto ililinda mkopo, kwa kuwa ilikatwa kwa kiasi cha mkopo. Ya kifo ililinda mkopo. Stika iliwalinda wapita njia. Aliyeilipia kila moja ni Mama Sare, na biashara ya Mama Sare ndiyo pekee iliyokuwa haina wa kuilinda.

Shemeji naye hakukaa muda mrefu na kicheko chake. Bima iliyotakiwa kwenye tenda ni ile inayomkinga mtaalamu dhidi ya makosa ya kazi yake. Aliikata kwa mwaka mmoja, jengo likaisha, tenda ikafungwa, akaona hana haja ya kuihuisha. Miaka miwili baadaye ukuta ukapasuka na barua ya wakili ikafika. "Lakini ramani niliichora bima ikiwa hai!" alilalamika. Ni kweli. Ila bima nyingi za namna hii hutazama siku dai lilipoletwa. Siku kosa lilipofanyika peke yake haitoshi. Mhasibu, mwanasheria, mkandarasi au mchora ramani anayeiacha ikatike anaziacha wazi pia kazi zake za nyuma, na anayefunga ofisi au kustaafu anapaswa kuomba muda wa nyongeza wa kupokea madai.

Zamani Watanzania hawakuwa na mengi ya kuchagua. Kuanzia 1967 Shirika la Bima la Taifa ndilo lililofanya biashara hiyo peke yake Tanzania Bara, hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na mtu anaweza kushindanisha bei. Tatizo ni kwamba wengi hushindanisha bei tu. Bei ndogo kwa kawaida ina sababu: kiasi kidogo, masharti mengi, au sehemu kubwa ya hasara iliyoachwa mabegani mwa mteja.

Kuchagua vizuri kunaanzia dukani kwako, kabla ya kumwona wakala. Kaa na daftari ujiulize ni jambo gani likitokea wiki hii biashara haitafunguka tena. Kwa fundi wa sare ni moto wa Januari. Kwa mwenye bucha ni majokofu kuharibika. Kwa mwenye hoteli ndogo ni mteja kula akaugua, jambo ambalo bima ya moto hailigusi. Kwa mtaalamu aliyejiajiri ni kosa lake mwenyewe, au ugonjwa utakaomlaza miezi mitatu. Jambo hilo ndilo la kukatia bima kwanza, tena kwa ukamilifu. Kioo cha dirisha utakinunua mwenyewe.

Kisha taja thamani ya kweli. Mzigo uhesabu kwa bei ya kuununua, na kwa msimu unapokuwa mwingi kuliko wakati wote, maana ajali haingoji mwezi mtupu. Mashine ziulizie bei ya kununua nyingine leo. Usiongeze chumvi pia: ukikatia milioni 80 mali ya milioni 40, utalipa ada ya 80 na kufidiwa 40. Taja stoo yako ya mtaa wa pili, kwa sababu bima hufuata anwani iliyoandikwa. Taja mali ya wateja. Taja jenereta, mitungi ya gesi na chochote kinachoongeza hatari, kwa kuwa mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli, na jambo lililofichwa kwenye fomu ya maombi linatosha kuliangusha dai.

Soma pia kinachoachwa nje. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilohilo la Kariakoo. Machoni pa mwenye duka majanga hayo mawili ni kitu kimoja: mzigo umekwenda. Kwenye karatasi ni vitu viwili, kwani bima ya moto hulipa moto na yale mengine yaliyotajwa, na jengo kuanguka lenyewe kwa kawaida halimo. Mafuriko mara nyingi huongezwa kwa ada ya ziada. Bima ya wizi mara nyingi hudai alama za kuvunja. Mzigo uliopungua kimyakimya kwa mkono wa mfanyakazi unahitaji bima nyingine, ya uaminifu wa wafanyakazi.

Kuna hasara isiyoonekana kwenye majivu. Mama Sare alikaa miezi mitatu bila kushona, huku kodi ya fremu ikidaiwa na mafundi wakihitaji kula. Bima ya kukatizwa biashara hulipa pengo hilo, nayo huambatanishwa na ile ya moto. Wafanyakazi wenyewe wana njia yao: sheria inamtaka kila mwajiri ajisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaofidia mtu akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mafundi sita si wachache mno.

Kuhusu unayekata naye, jua tofauti. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima, dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Wote wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na leseni hiyo unaweza kuihakiki. Lipa ada kwa kampuni, usilipe kwenye namba ya simu ya mtu, na usihesabu kwamba una bima kabla ya ada kupokelewa. Dai hati yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hata kama bima imekuja na mkopo. Benki ina haki ya kutaka kulindwa. Wewe nawe una haki ya kuuliza kama unaweza kuongeza kiasi juu ya mkopo ili kinachozidi deni kiwe chako. Ikitokea mmeshindwana kwenye dai, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, ambapo mwananchi anaweza kupeleka lalamiko lake kabla ya kufikiria mahakama.

Mama Sare alipofungua tena, akiwa na cherehani nne, alikwenda kwa dalali wa bima na picha za simu za kila jora na kila mashine, nakala zake zikiwa nyumbani kwa binti yake. Akatajiwa ada ya kukatia mali yote kwa thamani ya Novemba. Ilikuwa pungufu ya bei ya cherehani moja. Swali lake lilikuwa moja: "Yakitokea, hundi inaandikwa jina la nani?"

Ndilo swali la kumfundisha kila aliyejiajiri. Bima uliyoikata kwa sababu trafiki, benki au tenda imeidai, ihesabu kuwa ni gharama ya kutembeza gari, kupata mkopo au kupata kazi. Ya biashara yako bado hujakata.