Gari la Kubeba Watu na Gari la Kutazamwa na Watu

Kuna swali ambalo tumekuwa tukiliahirisha kila tunapokutana, ingawa limeegeshwa mbele ya milango yetu. Kwa nini familia yenye watoto watatu, bibi aliyekuja kutembea, kigari cha mtoto cha kusukuma na mfuko wa unga wa muhogo, ikiwa na fedha za kununua gari moja tu, huliacha gari lenye nafasi na kuchukua gari lenye urefu? Tunazungumzia SUV, yale magari yaliyoinuka kama jeep, ambayo makubwa yake Watanzania waliyapa jina la mashangingi. Na tunazungumzia ndugu yake aliyesahauliwa, yaani lile gari la familia lenye umbo la sanduku na viti vingi, ambalo kwetu Afrika Mashariki mfano wake unaojulikana sana ni Toyota Noah.

Tulianzie hapa tunapoishi. Forest, au Vorst kama wanavyoiita Waflamandi, ni komuni ya miteremko. Ukipanda kutoka bondeni kando ya reli mpaka Altitude Cent, mahali palipopewa jina hilo kwa kuwa pako mita 100 juu ya usawa wa bahari, njia yote ni lami na mawe yaliyopangwa. Hakuna tope wala mto wa kuvuka. Taabu ya dereva wa Forest ni nyingine kabisa: mitaa myembamba, magari yaliyopangwa pande zote mbili, na kuzunguka robo saa kutafuta pa kuegesha. Katika mitaa kama hiyo mlango wa kuvuta pembeni, ule wa Citroën Berlingo au Renault Kangoo, ni neema. Mama anamtoa mtoto kwenye kiti chake bila kugonga gari la jirani. Buti linameza masanduku ya mgeni aliyepokelewa uwanja wa ndege wa Zaventem. Kwa hesabu ya matumizi, basi, jibu liko wazi. Kwa nini halifuatwi?

Forest inastahili kuulizwa swali hili kuliko komuni nyingi, maana imetengeneza magari kwa zaidi ya miaka sabini. Kiwanda kilichoko Boulevard de la Deuxième Armée Britannique kilianzishwa na kampuni ya D'Ieteren mwishoni mwa miaka ya 1940, na kuanzia 1954 kikaunganisha Volkswagen Beetle, lile gari dogo la mviringo. Baadaye ikaja Golf. Novemba 2006 Volkswagen ilitangaza kwamba Golf itaondolewa Forest, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Audi ikakichukua kiwanda mwaka 2007, na kuanzia 2010 ikatengeneza humo A1, gari dogo lenye uzito wa tani moja na kitu. Mwaka 2018 A1 ikaondoka, ikaja e-tron, SUV ya umeme yenye uzito wa karibu tani 2.5. Julai 2024 kampuni ilieleza kwamba maombi ya gari hilo yamepungua, na tarehe 28 Februari 2025 kiwanda kikafungwa. Watu wapatao 3,000 walikuwa wakila mkate wao pale. Ndani ya kiwanda kimoja tumeona safari nzima, kutoka gari dogo la watu wengi mpaka gari zito la wachache.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata tamaa ya gari refu iliundwa. Mwaka 1984 Renault ilipotoa Espace, na mwaka 1996 ilipotoa Scénic, gari la familia lilikuwa jambo la kujivunia Ulaya. Kisha upepo ukageuka. Peugeot 5008 ilizaliwa mwaka 2009 ikiwa sanduku la familia. Kizazi chake cha pili kikatoka kama SUV. Ford iliacha kutengeneza S-Max na Galaxy mwaka 2023, na mwaka huohuo Espace yenyewe ikawa SUV. Kufikia wakati huo zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Ulaya yalikuwa ya aina hiyo. Faida ya kampuni si ya kutafuta kwa tochi: mara nyingi SUV ndogo hujengwa juu ya msingi uleule wa gari la kawaida, likainuliwa kidogo, likavalishwa plastiki nyeusi pembeni, kisha bei ikapanda kuliko ilivyopanda gharama. Lakini muuzaji, hata awe hodari vipi, hawezi kuiwasha tamaa pasipokuwa na kuni. Kuni ni zetu. Ni vyema tuzitazame.

Kuni ya kwanza ni aibu. Gari la familia linasema ukweli kuhusu mwenyewe: huyu ana watoto, ana wakwe, ana mizigo, na jioni amechoka. Na kwetu sisi linasema zaidi. Linakumbusha Hiace ya daladala na matatu, watu wanne kwenye kiti cha watatu na kuku chini ya miguu. Mtu aliyepanda gari la namna hiyo miaka ishirini anaweza kuapa kwamba akipata lake hatafanana tena na kondakta. Tusimcheke. Anayekimbia kubanwa ana haki ya kutamani nafasi, ila ajabu ni kwamba nafasi yenyewe ipo zaidi ndani ya lile gari analolikimbia.

Kuni ya pili ni heshima, na hii tuliokotezwa na wakubwa wetu. Katika nchi tulizotoka, cheo kilipanda gari refu. Mkuu wa wilaya alijulikana kwa vumbi la Land Cruiser yake kabla sura yake haijaonekana. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya, alitangaza katika bajeti kwamba magari ya serikali yasizidi ukubwa wa injini wa sisi 1,800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa kwa ajili ya mawaziri. Baadhi yao hawakuwa na haraka ya kuyarudisha makubwa. Passat si gari la maskini, lakini lilikuwa chini, na aliyezoea kutazama watu kutoka juu huona kukaa chini ni kushushwa cheo.

Kwa wenzetu waliotoka Kivu, urefu wa gari una maana nzito kuliko cheo. Barabara za Goma zimepita juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ililala katikati ya mji. Pale gari lililoinuka si madaha, ni haja. Tena mara nyingi gari la namna hiyo lilikuwa jeupe na lilikuwa la shirika. Mji ulipotikisika, aliyekuwa nalo alikuwa na njia ya kuondoka. Asiyekuwa nalo alibeba godoro kichwani. Mtu aliyeona hayo akiwa mtoto, leo akiwa baba Forest akanunua gari refu, je, ananunua fahari? Huenda ananunua uhakika kwamba safari hii familia yake nayo itaondoka. Hatuna ulimi wa kumlaumu.

Na hapa Ulaya kuna kutazamwa. Tunajua namna macho yanavyotupima dukani, benki, na kwa mwenye nyumba ya kupanga. Gari linatangulia kusema kabla lafudhi yetu haijasikika. Picha yake inatumwa nyumbani, na shangazi anapata neno la kuwaambia majirani. Methali inasema fahari ya macho haifilisi duka, lakini fahari hii hulipiwa kila mwezi kwa miaka minne au mitano, na tusisahau kwamba ada ya shule ya mpwa hutoka katika mfuko huohuo.

Mpaka hapa tunaweza kusema kila mtu na mfuko wake. Kuni ya tatu ndiyo inayoligeuza jambo hili kuwa swali la maadili, nayo ni usalama. Ukimuuliza mzazi kwa nini amechagua SUV, mara nyingi atajibu: kwa ajili ya watoto. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu. Mwaka 2023 Vias, taasisi ya usalama barabarani ya hapa Ubelgiji, ilitoa hesabu zake. Gari la kilo 1,600 likigongana na la kilo 1,300, hatari ya kufa kwa walio ndani ya lile zito hupungua kwa asilimia 50. Kwa walio ndani ya lile jepesi, hatari huongezeka kwa karibu asilimia 80. Tena boneti ikiinuka kutoka sentimita 80 mpaka 90, hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu au mpanda baiskeli anayegongwa huongezeka kwa asilimia 30. Sababu haihitaji uhandisi. Boneti fupi humpiga mtu mzima miguuni akaangukia juu yake; boneti ndefu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani.

Basi kuna usalama wa aina mbili. Upo usalama wa kushirikiana. Tangu tarehe 1 Januari 2021 spidi ya kawaida katika mitaa ya jimbo zima la Brussels ni kilomita 30 kwa saa. Sheria hiyo inamlinda mtoto wangu na wako kwa pamoja, wala haimpunguzii mtu kitu ila dakika chache. Na upo usalama wa kunyang'anyana, ambao kila ninachojiongezea kimetoka kwa mwingine. Mkanda wa kiti ni wa aina ya kwanza. Uzito wa gari ni wa aina ya pili.

Mzazi atasema: wajibu wangu wa kwanza ni kwa mtoto wangu. Ni kweli, na hatumtaki mzazi awapende watoto wote sawasawa kama serikali. Lakini mtoto huyo yuko wapi mchana kutwa? Asubuhi amefungwa mkanda kiti cha nyuma. Saa tisa alasiri ametoka shule na anavuka kivuko cha pundamilia, na kichwa chake kiko sawa na boneti ya gari la mzazi mwingine, ambaye naye amelinunua kwa ajili ya watoto. Mtoto ni mmoja, na kwa siku moja yuko pande zote mbili za kioo. Tukiinua magari yetu sote, tunamlinda njiani kwenda shule na kumhatarisha anaporudi.

Hapo atajibu tena, na safari hii kwa haki zaidi: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wengine wamekwisha kununua tani mbili. Mimi nikibaki na gari jepesi kwa ajili ya dhamiri, nimejiweka upande wa nyasi. Pingamizi hili hatuwezi kulipita kwa mahubiri. Linaonyesha kwamba dhamiri ya mtu mmoja haitoshi, na kwamba kuna mambo ambayo lazima wengi waweke chini silaha kwa pamoja. Wakazi wa Paris walijaribu. Tarehe 4 Februari 2024 walipiga kura, na asilimia 54.55 ya waliojitokeza wakakubali magari mazito ya wageni wa mji yatozwe mara tatu kwa kuegesha. Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 6, kwa hiyo hatuwezi kusema mji mzima umeamua. Ila mlango umefunguliwa. Wengi wetu tulio na haki ya kupiga kura katika komuni huiacha haki hiyo ilale. Pa kuiamshia ni hapo.

Wala hatusemi kila mwenye SUV ana kosa. Yupo mzee ambaye magoti yake hayainami, na kiti kilichoinuka kwake ni msaada, ingawa Berlingo nayo kiti chake si cha chini. Yupo anayevuta tela la bidhaa zake. Swali letu ni kwa yule ambaye haja yake ni kubeba watu, akanunua kutazamwa.

Kuna jambo moja ambalo halingoji sheria. Heshima haitengenezwi kiwandani. Tunaigawa sisi wenyewe, harusini, msibani, kwenye mikutano ya vyama vyetu. Tutazame basi tunavyoigawa. Gari refu jeusi likifika mlangoni pa ukumbi, watu husogea na mwenyewe hupewa kiti cha mbele. Lile sanduku la zamani lililopita nyumba nne kuchukua akina mama na sufuria za pilau, ambalo usiku wa manane litawarudisha watu mpaka Anderlecht na Vilvoorde kabla dereva hajalala, huegeshwa nyuma, na mwenyewe tunamkumbuka siku tunapohitaji kwenda Zaventem. Kwa mila zetu, anayebeba watu ndiye mkubwa wao. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, fungua uingie ndani.

Vijana wetu wanaona kiti cha mbele kinapewa nani, na siku yao ya kununua gari ikifika watakumbuka. Kwa hiyo kwenye sherehe ijayo, kabla ya vyakula kuandaliwa, mshereheshaji amtaje kwa jina yule aliyewaleta akina mama, naye aketi mbele.