Abebaye na Abebwaye

Nani mkubwa, abebaye au abebwaye? Swali hili la kale laweza kuulizwa upya katika mwili wa mwanadamu, ambamo moyo hupewa enzi juu ya viungo vyote. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, lakini hauna hata pigo moja usilokopeshwa. Ndani ya seli za msuli wake wamo watumishi wasioonekana kwa jicho. Mitokondria, zijazazo karibu theluthi moja ya seli, hugeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Vifuko vingine huachilia kalsiamu ili msuli ujikaze, kisha huirudisha ili ulegee. Lisosomu ni wafagizi: huyeyusha mitokondria zilizochakaa.

Shinikizo la damu na kisukari vikidumu, watumishi hawa huelemewa. Mitokondria hutoa nguvu haba na sumu nyingi. Wafagizi wakizidiwa, mbovu hubaki na kudhuru nzima. Kalsiamu ikivuja, mapigo hupoteza utaratibu. Seli hufa moja moja, na moyo hudhoofika, hali mwenyewe pengine hasikii maumivu, ajihesabu mzima.

Nachingwea yaujua mfano wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga uliopewa mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, reli ikatandikwa kutoka pwani. Fikra ilikuwa kubwa, ila udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Mkulima mdogo wa Nachingwea na Ruangwa, ambaye ujuzi wake haukutafutwa, angali analima korosho na ufuta.

Basi haki yadai nini? Kwanza, tusiwe wepesi wa kumlaumu mgonjwa: mitokondria hurithiwa kwa mama, na wapo waliozaliwa na udhaifu wasiouchagua. Pili, kidogo kitunzwe kabla kikubwa hakijaanguka. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, ni fahari ya nchi. Lakini zahanati ya kijiji ikikosa kipimo cha shinikizo la damu, mkulima ataifikia taasisi hiyo akiwa amechelewa, kama ataifikia. Kipimo hicho ni kazi ya dakika chache. Taifa limnyimalo abebaye dakika hizo halina haki ya kushangaa siku abebwaye aangukapo.